Simu Isiyo na Betri

Chuo cha Reli, 3 Februari

Baba Chiriku mpenzi,

Habari za huko? Huku ni salama, ila usingizi bado haujanizoea. Nimepewa kitanda cha juu, na chini yangu amelala dada mmoja anayekoroma kama treni ya mizigo: anaanza polepole, anashika kasi, halafu anasimama ghafla mpaka nainama kuangalia kama bado yu hai. Wanawake darasani ni mimi na yeye tu. Mkufunzi wetu tumeshampachika jina, Mzee Breki, kwa sababu hamalizi sentensi bila kulitaja neno hilo. Swali lake la kwanza lilikuwa: dereva mzuri anajulikana kwa nini? Wenzangu wakataja macho, wakataja ujasiri, mmoja akataja mwendo na nusura afukuzwe. Jibu lake unalijua.

Waambie watoto nimeingia ndani ya kichwa cha treni na hakuna usukani. Kweli kabisa. Nilikuwa nimeshajiandaa kuushika, mikono ikabaki hewani. Kuna mkono wa chuma wa kuongeza nguvu, kuna wa kufunga breki, kuna vitufe, na chini kuna pedali moja ya ajabu. Kila baada ya muda kengele inalia, na lazima dereva aikanyage ili kuonyesha kwamba yupo macho. Asipoikanyaga, treni inadhani amezimia, inajifunga breki yenyewe. Nimeipenda sana hiyo pedali. Haitaki maneno mengi, inataka tu kujua kwamba upo.

Sasa nikuulize. Nimepiga simu siku zote tulizokubaliana, na kila mara naongea na Chiriku mpaka sikio linapata moto. Nikimwomba mdogo wake, Mkurugenzi wetu, simu inarudi kwako. Mara Mkurugenzi anaoga, mara amelala, mara yuko nje. Mtoto wa miaka minne ana shughuli nyingi kuliko waziri? Amekasirika? Mbona tuliagana vizuri, akanibebea mkoba mpaka kwenye geti la stesheni, akaniambia nikatae treni yenye kelele. Niambie ukweli.

Na hii simu uliyonipa! Mke wa fundi simu ndiye mwenye simu mbovu kuliko watu wote wa bweni hili. Nikiongea kidogo tu sauti inakauka, inakuwa nyembamba, halafu kimya. Wenzangu hawana mbavu. Tena mtandao wenyewe unapatikana juu ya kilima nyuma ya bwalo la chakula, kwa hiyo mengi nitakuwa nayaandika. Gadi wa treni ya abiria amekubali kutubebea barua, zifuate kwa mkuu wa stesheni.

Mpe Mama mkwe shikamoo zangu, na umwambie chumvi iko nyuma ya ndoo, si alipoizoea yeye.

Mama watoto wako

*

Nyumbani, 9 Februari

Mama Chiriku,

Barua yako imefika ikinuka mafuta mazito, nikajua ni yako halali. Kuhusu simu, waache wanicheke, ni haki yao. Nakutafutia betri nyingine. Za aina ile zimekuwa adimu.

Mkurugenzi hana neno. Ni michezo tu, mtoto akinogewa na mchezo hataki kuitwa. Anakula, analala, na kila asubuhi anapita chumba cha mbele, mikono nyuma, kukagua kazi zangu. Jana mteja mmoja alileta simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji. Mkurugenzi akasimama mezani, akaitazama.

"Hii imekufa?"

"Imekufa," nikamwambia.

"Itafufuka?"

"Inategemea."

"Aliongea nayo sana?"

"Hapana, aliizamisha."

Akamgeukia mteja, mtu mzima na kitambi chake, akamwambia, "Pole. Ungeiacha ipumzike." Yule bwana akasema asante, mwanangu, bila kujua anashukuru kwa lipi. Unaijua ile hotuba yangu kwa wateja, kwamba betri ina maisha yake, kila ukiongea unayapunguza, ikianza kuchoka usiilazimishe. Siku hizi sihangaiki tena kuitoa, ananitolea yeye.

Habari ya usukani imezua kesi. Chiriku kakataa katakata, kasema Mama kaonyeshwa treni isiyokamilika. "Bila usukani inakataje kona?" Nikamwambia reli ndizo zinazokata kona, treni inafuata tu. Mkurugenzi akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo Mama naye anafuata tu?" Mama yangu akadakia kutoka jikoni: "Nyamaza wewe, baba yako asisikie, ataota ana mke wa kufuata tu." Tumecheka mpaka maziwa yakamwagika.

Swali lingine ni lake, naye anataka jibu kutoka kwako, si kwangu: reli zikifika mwisho, zilizobaki huwa wanaziviringisha kama mkeka? Nilimwambia sijui. Akanitazama kwa huruma.

Soma, usiwe na wasiwasi na huku. Tunakumisi.

Baba watoto

*

Nyumbani, tarehe 10 mwezi wa pili

Kwa Mama,

Shikamoo. Barua hii naandika mwenyewe. Baba hajaisoma. Bibi ameisoma lakini amesema nikuandikie kwamba hajaisoma.

Mimi mzima. Jino langu la mbele limetoka. Nilimwambia Baba alibandike na ile gundi ya vioo vya simu akakataa, na kioo cha mtu baki alikuwa anakibandika hapo hapo mbele yangu.

Mama, Baba amenikataza nisikuambie jambo moja. Kwa hiyo sikuambii. Lakini ukiniuliza nitajibu kwa sababu mwalimu amesema ukiulizwa usiseme uongo. Sasa barua yako itachelewa kwa hiyo nimejiuliza mimi kwa niaba yako.

Swali. Chiriku mwanangu mzuri, mdogo wako anafanya nini nikipiga simu?

Jibu. Anakimbia. Anaingia ndani ya kabati lako katikati ya nguo zako na anafunga mlango.

Swali. Huwa analia?

Jibu. Halii. Ananong'ona. Nikifungua anasema chumba kina mtu.

Swali. Baba anasema nini?

Jibu. Baba anamwuliza kwa nini huongei na Mama, yeye anasema nimeshaongea naye. Kila siku anasema nimeshaongea naye. Baba anasema huo ni uongo na uongo haufai. Halafu Baba anatoka nje anasimama tu kwenye ngazi.

Swali. Na Bibi je?

Jibu. Bibi anasema mtoto mdogo akianza kuisahau sauti ya mama yake anaiogopa. Mimi sikubaliani na Bibi lakini sijamwambia kwa sababu ndiye anayepika.

Maswali yako yamekwisha. Sasa langu. Hiyo pedali ukiikanyaga na mguu mwingine treni inajua?

Ni mimi mwanao,
Chiriku

*

Chuo cha Reli, 15 Februari

Baba Chiriku,

Nimepokea barua mbili siku moja, moja ya uongo na moja ya kweli, na ya kweli imeandikwa na mtoto asiye na jino. Usimgombeze. Ningekuwa hapo ningekugombeza wewe.

Najua kwa nini ulinificha. Ulitaka nisome kwa raha. Sasa nisome nini? Tangu juzi nakaa darasani, Mzee Breki anachora njia ubaoni, mimi naona mlango wa kabati. Najiuliza alianza lini kunikimbia. Ilikuwa simu ya kwanza au ya pili? Nilisema neno gani? Au Mama mkwe anasema kweli, na mwanangu amenisahau, akisikia sauti yangu anaona mtu asiyemjua anamwita kwa jina lake la nyumbani? Nimelia bwenini mchana kweupe, yule dada akanifunika kanga kichwani asione mtu.

Nikuambie nilichokata shauri. Wiki ijayo tunaingia njia kuu, kwenye reli yenyewe, na atakayeingia hatua hiyo haruhusiwi kuondoka mpaka mafunzo yaishe mwishoni mwa mwaka. Ndivyo sheria ya chuo ilivyo. Kesho namwendea Mzee Breki kumwambia narudi nyumbani. Nimeitaka kazi hii tangu nikiwa msichana nikipungia mabehewa mkono, wewe ndiye shahidi. Lakini sikuja kuinunua kwa mwanangu. Treni zitaendeshwa na wengine.

Ile pedali, Baba Chiriku, mwenzio inanitesa. Kengele ikilia naikanyaga, nasema moyoni, mimi nipo, je yeye? Hata neno moja lingenitosha.

Mwambie reli haziviringishwi. Mwisho wake kuna kizuizi cha chuma na rundo la mchanga, ili treni iliyosahau kusimama iangukie pahali laini. Mwambie. Au usimwambie, sijui kama anataka kusikia kitu kutoka kwangu.

Mama watoto

*

Nyumbani, 18 Februari

Mke wangu,

Kabla ya yote nisamehe. Pili, kama hujamwona Mzee Breki, usimwone. Kama umeshamwona, rudi ukamwone tena. Soma hii kwanza mpaka mwisho.

Barua yako niliisomea stesheni pale pale, nimesimama. Nikarudi, nikafunga chumba cha mbele na wateja wamepanga foleni, nikaenda kukaa sakafuni mbele ya kabati lako. Mheshimiwa alikuwa ndani.

"Hodi," nikasema.

"Chumba kina mtu."

"Naomba kuongea na huyo mtu."

"Anaongea na simu."

"Na nani?"

"Na Mama."

"Mama hajapiga leo."

"Mimi ndiye niliyempigia."

Nikafungua mlango taratibu. Amekaa kati ya nguo zako, gauni lako la bluu amejifunika mabegani, na sikioni ameshika ile simu nyekundu, unaikumbuka? Ile iliyokaa mwaka mzima kwenye boksi la vyuma chakavu. Kioo kimepasuka, mgongo wazi, ndani hakuna kitu.

"Mbona hii haina betri?" nikamwuliza.

"Najua. Ndiyo nzuri."

"Nzuri kwa nini?"

"Haiishi."

Akaniona sijaelewa, akanieleza polepole kama ninavyowaeleza wateja wasiojua kitu. Kwamba kwenye ile simu nyingine sisi tunamwongelesha Mama mpaka anakwisha. Kwamba Chiriku ndiye anayemmaliza zaidi. Kwamba ameisikia kwa masikio yake, sauti ya Mama inakuwa ndogo, inakuwa ndogo, halafu inazima kama zile za mezani kwangu. Kwa hiyo yeye hamwongeleshi huko. Fungu lake anamwachia. Anayotaka kumwambia anayasema kwenye hii nyekundu, isiyopunguza kitu.

Nikamwuliza, unamwachia fungu lako la nini?

Akasema, "Akiisha wote, atarudije?"

Mama Chiriku, nimefungua simu za watu tangu nikiwa kijana, sijawahi kushindwa kuona tatizo lililo mbele ya pua yangu namna hii. Hotuba yangu mwenyewe! Kila siku nimemwimbia betri ina maisha yake, kila ukiongea unayapunguza, na juu ya hayo nikakupa wewe simu inayokata roho hadharani. Mtoto kaunganisha nyaya, na kwa jinsi nilivyomfundisha, kaziunganisha sawasawa. Na kila aliponiambia "nimeshaongea naye" nikamwita mwongo. Nimemwomba radhi. Amesema "haya."

Hapo ningeishia ningekuwa mtu wa maana. Lakini nikajiona bado ni fundi. Nikachukua bisibisi, nikaifungua simu yangu nzima mbele yake, nimwonyeshe kwa macho kwamba Mama hayumo humo ndani, kwa hiyo hawezi kwisha. Nikapanga vipande juu ya kitambaa. Akachungulia. Akachungulia tena. Akainua hata ile karatasi ya chini ya betri. Halafu akanitazama:

"Umemweka wapi?"

Alilia mpaka majirani wakaja. Mama yangu akambeba, akaniambia mbele yao wote, "Ulipokuwa mdogo ulikuwa na akili, sijui ilimwagikia wapi." Ile habari yake ya kusahau sauti ameifuta mwenyewe. Anasema anayesahau hamtunzi mtu.

Hajakusahau. Unanisikia? Usiache chuo. Ila mimi sijui nimwambie nini tena, na bisibisi nimeiweka mbali.

Mumeo

*

Chuo cha Reli, 23 Februari

Mume wangu,

Nilikuwa nimeshamwona Mzee Breki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikifunga breki kwa ghafla mizigo yote itaanguka, basi nijipe mpaka Ijumaa ndipo nimpe jibu. Nikaona mzee huyu hana lugha nyingine kabisa. Alhamisi gadi akaleta barua yako.

Nimeisoma nikiwa juu ya kilima, nikacheka, nikalia, nikacheka tena, mpishi wa bwalo akadhani nimefiwa na mtu aliyeniachia urithi. Nilidhani ananikataa, kumbe ananitunza. Siku zote hizo nimemlilia mtoto ambaye yuko kabatini ananiwekea akiba ya nauli. Nimefurahi mpaka kifua kinauma. Na nimeona aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa tayari kuacha kila kitu kabla ya kujua chochote.

Nabaki. Nimemwambia Ijumaa asubuhi, akajibu "vizuri, sasa kaguse breki."

Sikiliza. Tarehe 6 Machi treni yetu ya mafunzo itapita hapo kwetu. Itasimama stesheni kupisha treni ya abiria. Siruhusiwi kushuka, lakini dirisha linafunguka. Walete wote, na Mama mkwe. Kabla ya hapo usimweleze kitu, na nakuomba kwa heshima zote, usimfungulie kingine chochote.

Hii ya chini msomee yeye peke yake, mlangoni pa kabati.

Mkurugenzi wangu,

Mimi ni Mama. Baba ameniambia unavyonitunza. Hakuna mtu aliyewahi kunitunza hivyo. Asante sana.

Sasa nikuambie siri ya kazi. Simu yangu inachajiwa na umeme. Mimi mwenyewe nachajiwa na chai, na usingizi, na sauti za watu wangu. Inayozima ni simu tu, na Baba ananitafutia betri. Nikiwasikia ninyi sipungui. Naongezeka.

Huamini? Sawa, mkurugenzi haamini maneno matupu. Njoo stesheni unikague mwenyewe.

Mama

*

Nyumbani, tarehe 7 mwezi wa tatu

Kwa Mama,

Shikamoo. Jana nilikuona! Nilikuambia pale pale kwamba nakuona lakini labda hukusikia kwa sababu ya kelele ya treni. Mdogo wangu amesema uliikubali treni yenye kelele na yeye alikukataza.

Nimeshakubali haina usukani. Niliangalia.

Kwa nini ulipiga honi ile ndefu? Bibi alishtuka akamshika mkono mkuu wa stesheni hakumwachia. Baba alikuwa analia akasema ni moshi lakini moshi ulikuwa unaenda upande ule mwingine. Mdogo wangu njia nzima alitembea mikono nyuma. Tulipofika nyumbani akaenda kabatini nikadhani anaingia, akafunga mlango kwa nje akaenda kula.

Nikamwuliza, "Sasa simu umempa Mama, wewe utaongea na nini?" Akasema, "Kwanza amalize kusikiliza."

Mama kwani ni kweli unasikiliza?

Chiriku

*

Chuo cha Reli, 9 Machi

Baba Chiriku,

Nikusimulie ya stesheni.

Wewe ulikuwa chini yetu, na kwa kelele ya injini hukusikia tulichosemezana. Ulipomwinua mpaka dirishani alinitazama usoni, akatazama mikono yangu yote miwili, akaniambia nitoe kichwa nje nigeuke. Nikageuka. Mzee Breki nyuma yangu amesimama wima, naye anakaguliwa.

"Umebaki?" akaniuliza.

"Nimebaki."

"Wote?"

"Wote, baba yangu. Hata kidogo sijapungua."

Akaweka kidole shavuni kwangu akabonyeza, kama unavyobonyeza kioo kuona kama kimeshika. Ndipo akanipa ile simu nyekundu. Akasema, "Yote yamo humo. Sikiliza polepole, usiyamalize siku moja." Taa ikawa kijani. Nilipiga honi kwa sababu sikuwa na sauti nyingine.

Niliiweka simu pale mbele ya kioo. Tumefika mbali Mzee Breki akaiona, akang'aka kwamba simu ndani ya chumba cha dereva ni marufuku, izimwe mara moja. Nikamwambia haina betri, mkufunzi. Akaichukua, akaigeuza, akaona mgongo uko wazi, akatazama lile tundu tupu kwa muda mrefu kuliko anavyoruhusu mtu aondoe macho kwenye reli. Akairudisha pale pale, taratibu, akasema, "Basi iache." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyoisikia kwake isiyo na breki.

Jioni nikapanda kilimani nikaiweka sikioni. Sikudanganyi, sikusikia kitu ila upepo. Lakini mtu mzima mimi niliikaza sikioni mpaka giza likaingia. Nina hamu ya kujua alisema nini humo, siku zote zile, mpaka nalionea wivu hilo gauni la bluu lililosikia yote.

Mwambie hivi, na usicheke: Mama anasikiliza, ila mwanzo haukusikika vizuri, maana kioo kimepasuka. Anaomba arudiwe. Kwa njia yoyote anayoiona salama.

Mama watoto

*

Nyumbani, tarehe 13 mwezi wa tatu

Mama,

Hii ni barua ya Mkurugenzi. Anayeandika ni mimi Chiriku kwa sababu yeye herufi anazijua mbili tu. Amesema niandike anavyosema na nisiongeze langu. Ni vigumu lakini nimeapa.

Anaanza.

Mama ule mwanzo nilisema hivi. Halo. Halafu nikasema tena halo. Halafu nikasema leo tumekula ndizi na Bibi ametafuta chumvi akasema maneno mabaya.

Halafu siku nyingine nikakuambia jino la Chiriku limetoka na sasa akisema "sasa" anatema mate. (Si kweli. — Chiriku)

Halafu nikakuambia shuleni mwalimu aliuliza wazazi wanafanya kazi gani nikasema Baba anafufua na Mama anakanyaga. Mwalimu akacheka na mimi sikucheka.

Halafu nikakuambia gauni la bluu limekwisha harufu. Nililinusa sana. Sasa nimehamia la njano, hilo nanusa kidogo kidogo. Usiwaambie Chiriku na Baba, watalimaliza.

Halafu nikakuambia Baba anaposimama kwenye ngazi hafanyi kitu, anangoja tu. Na mimi nilikuwa nakungoja lakini mimi nilikuwa na kabati, yeye hana.

Halafu nikakuuliza reli zikifika mwisho inakuwaje. Hilo umeshajibu. Nimefurahi kuna mchanga.

Mengine nimesahau. Lakini humo yamo.

Jumapili ukipiga nitakuja kwenye simu. Nitasema neno moja tu, kama ile pedali yako. Nitasema "nipo." Na wewe utasema "nipo." Halafu tukate haraka kabla Chiriku hajaichukua. Tukiona hujapungua, Jumapili nyingine nitasema mawili.

Simu yangu nyekundu ukimaliza kuisikiliza mpe gadi airudishe. Mwambie aibebe vizuri. Mimi huku nina mengine.

Mkurugenzi